Maswali na Majibu: Maji Yamechemka kwa Nyuzi 94, Niandike Ngapi?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili hapa Mbeya mjini. Tulipochemsha maji maabara, kipimajoto changu kiligota kwenye nyuzi 94. Wenzangu wameandika 100 kwa kuwa ndivyo kitabu kinavyosema. Mimi niandike ngapi?

JIBU: Andika 94, kwa kalamu ya wino, papo hapo, kabla hujazima moto. Kitabu hakijakosea: nyuzi 100 ni kiwango cha usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni mkubwa zaidi. Mbeya mjini iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na kwa kila mita 300 unazopanda, kiwango cha kuchemka hushuka kwa karibu nyuzi moja. Piga hesabu utaona kwamba kipimo chako hakina ajabu yoyote. (Ndiyo maana maharage huku kwetu hukawia kuiva kuliko Dar es Salaam.) Wenzako ndio walioandika jambo ambalo hawakuliona.

Hata hivyo, kipimo usichokitarajia hukaguliwa kwanza. Tumbukiza kipimajoto katika barafu iliyopondwa inayoyeyuka. Kikisoma 0, ni kizima, kwa kuwa mwinuko hauathiri kuyeyuka kwa barafu kwa kiasi ambacho kipimajoto cha shule kinaweza kuonyesha. Kisha tazama ulivyokifunga: bulbu (ile ncha ya chini ya kipimajoto yenye kimiminika) ikigusa kitako cha bika (chombo cha kioo unachochemshia), unapima joto la kioo kinachopigwa na moto, si la maji, kwa hiyo ining'inie katikati ya maji ikishikiliwa na stendi, na jicho lako liwe sawa na kimo cha kimiminika kilichomo ndani ya kipimajoto. Soma kila dakika moja hadi namba iache kupanda.

Kuhusu daftari, usianzie kwenye karatasi ya pembeni wala kiganjani ili uje unakili vizuri baadaye, maana ni katika kunakili ndipo 94 hugeuka kuwa 100. Ukikosea, pitisha mstari mmoja tu, namba ya awali ibaki inasomeka. Taja pia kama maji yalikuwa ya bomba au yaliyokenekwa (yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke kisha kupozwa yawe maji tena). Katika hitimisho weka namba zote mbili, yako na ya kitabu, ueleze tofauti hiyo kwa mwinuko. Mwalimu akihoji, mwonyeshe hesabu.