Nasi kandar ya Penang: kitoweo chochote kitafaa, mchuzi ndio chakula

Mkuu, umeuliza mambo mawili: ukifika Penang, kule Malaysia, wiki ijayo utaagizaje nasi kandar bila kukwamisha foleni, na utajuaje kama umepigwa bei. Nilisoma pale miaka mitatu, nikapanga chumba Gelugor jirani na chuo, na sidhani kama kuna wiki iliyopita sijala nasi kandar mara mbili au zaidi. Nitajibu kwa urefu, maana chakula hiki nakipenda sana na huwa naumia nikiona mgeni anakila nusunusu halafu anarudi kusema ni wali wa kawaida tu.

Nasi ni wali. Kandar ni mzega, ule mti wa kubebea begani, mzigo mmoja mbele na mwingine nyuma, kama walivyobeba wauza maji wa zamani huku kwetu Pwani. Waanzilishi ni Waislamu wa Kitamil waliotoka kusini mwa India. Upande mmoja wa mzega wali, upande wa pili vyungu vya mchuzi, nao wakizunguka George Town, mji mkuu wa Penang, kuwauzia makuli wa bandarini. Mzega umeondoka, maduka yamebaki, na mengi bado yako mikononi mwa watu wa asili hiyo. Watu huyaita maduka ya mamak, neno lililotokana na Kitamil, maana yake mjomba. Wewe mhudumu mwite tu "bos" au "abang", yaani kaka, inatosha.

Mbele ya kaunta utaona masinia na masufuria yamejipanga: kuku wa kukaanga, kuku wa mchuzi mwekundu, nyama ya ng'ombe iliyopikwa na sosi ya soya hadi ikawa nyeusi, mbuzi, samaki, kichwa cha samaki, ngisi, kamba, mayai ya samaki, mayai ya kuku ya kuchemsha, bamia nzima nzima, kabichi, karela. Vyote hivyo kwa Kimalei ni lauk. Nilifurahi nilipolijua neno hili, kwa sababu ndilo lile lile letu kitoweo. Huna haja ya kumweleza mtu wa pale kwamba wali peke yake si chakula.

Mgeni anapotazama hayo masinia, macho yanakimbilia vitoweo. Anachukua vitatu, vinne, sahani inajaa, bei inapanda, na mchuzi anauacha uwe wa kulowanishia tu. Hapo ndipo anapoikosa nasi kandar yenyewe. Siku yangu ya kwanza niliomba kuku, na mpakuaji alipoinua upawa nikamwambia aweke mchuzi wa kuku basi. Akaniuliza tena. Nikasisitiza. Kwetu Tanga mchuzi wa samaki na mchuzi wa nyama havikutani sahani moja. Mama yangu angesema nimechafua chakula. Nilikula, nikashiba, sikuona cha ajabu. Mwenzangu wa darasani, mwenyeji wa hukohuko, akanisogezea sahani yake nionje tonge moja. Tangu siku hiyo sijaomba mchuzi mmoja tena.

Anachofanya mpakuaji ni hiki. Akishaweka wali na kitoweo, anachota mchuzi wa kuku anamwagia, anahamia sufuria la samaki lenye ukwaju, anamwagia, anakuja la nyama, kisha anamalizia na ule mweusi wenye utamu wa soya. Mikono yao ni myepesi mno, hata dakika haiishi. Mchanganyiko huo unaitwa kuah campur, yaani mchuzi wa kuchanganya. Ukitaka wali uzame kabisa unasema "banjir", maana yake mafuriko. Tonge la kwanza unakutana na uchachu wa ukwaju, utamu unaingia, halafu uzito wa nyama, na pilipili inakuja mwisho kooni. Hakuna sufuria hata moja pale yenye ladha hiyo. Inazaliwa juu ya wali wako. Na haifanani siku mbili, kwa sababu mpakuaji huyu ana mkono mzito kwenye samaki na yule anapenda soya. Wazoefu wa duka huwa na mpakuaji wao, na nimeona mtu akimpisha aliye nyuma yake kwenye foleni ili ahudumiwe na huyo huyo.

Kwa hiyo oda yako ya kwanza iwe ndogo: wali, kipande kimoja cha kuku wa kukaanga, bamia, yai, kuah campur. Bamia usiiache. Kama huli sana sema "nasi separuh", wakupe nusu ya wali. Kama hupendi pilipili unaweza kusema "tak pedas", lakini nakwambia ukweli, mchuzi umeshapikwa, atakachofanya ni kukupunguzia ule mkali na kuongeza wa soya.

Sasa bei. Maduka mengi hayabandiki bei ya kila kitoweo. Mahali pengine unalipa palepale kaunta, mahali pengine unakaa na sahani yako, anakuja mtu, anaitazama kwa sekunde chache, anaandika kikaratasi, nawe unakilipia unapotoka. Ukimaliza unaita "bos, kira!", yaani piga hesabu. Wakati wangu sahani kama hiyo niliyokutajia haikufika ringgit 10, pesa ya Malaysia, sasa tegemea zaidi. Nilichokuja kugundua ni kwamba kuku, yai na mboga hazimuumizi mtu. Vinavyoumiza ni kamba wakubwa, kichwa cha samaki, ngisi na mayai ya samaki. Duka moja kwenye mitaa ya watalii nilinyooshea kidole kamba bila kuuliza, karatasi ikaja na ringgit 43. Nilipouliza, jibu likawa kwamba kamba ni wa kupimwa kwa uzito, na mimi sikuona mizani yoyote. Nililipa, nilikuwa na wageni na sikutaka mzozo mbele yao, lakini iliniuma kwa sababu zilikuwa pesa zangu za wiki. Kabla ya kuwekewa chochote cha baharini uliza "berapa?", yaani bei gani. Swali hilo hawalichukulii vibaya hata kidogo.

Pa kwenda: Hameediyah, mtaa wa Campbell, ipo tangu 1907, na murtabak yao, ile chapati iliyojazwa nyama na mayai, pia ni nzuri. Line Clear iko kwenye uchochoro pembeni ya Penang Road; meza zipo uchochoroni, usitafute mlango mkubwa. Deen Maju, Jalan Gurdwara, foleni yake ni ndefu lakini inakwenda haraka. Usiku kuna ile iliyo pembeni ya msikiti wa Kapitan Keling, watu wanaiita beratur, yaani kupanga foleni, na jina linatosha kukueleza. Kwangu mimi ya usiku ndiyo ya kwanza. Sitaki kubishana na wa Line Clear.

Kula kwa mkono wa kulia, sinki lipo na sabuni ipo. Hata sabuni wenyewe wanaiita sabun. Wakikuuliza "apa khabar" umeshaelewa, habari yako, na agiza "limau ais", maji ya ndimu yenye barafu, kama hutaki chai. Ila chai ya kuvuta, teh tarik, onja hata mara moja: inamiminwa kutoka kopo moja hadi jingine kwa juu mpaka ifanye povu, na maziwa yake ni yale mazito ya kopo yenye sukari, kwa hiyo wewe mwenyewe usiongeze.

Na usiku wako wa mwisho, kabla hujafunga mabegi, nenda kachukue ya kufungiwa, unasema "bungkus". Wanaifunga kwenye karatasi ya kahawia, mchuzi ukiwa umo humo humo ndani. Usiifungue njiani. Iache ikae nusu saa, mpaka karatasi ianze kulowa, wali uwe umekunywa mchuzi wote, ndipo uifungue chumbani kwako.