Jiko la Ghorofani katika Nyumba ya Mawe

SWALI: Assalaam aleikum. Tunaishi Mkunazini, Mji Mkongwe, katika nyumba ya mawe ya ghorofa mbili tuliyoachiwa na babu yetu. Jiko liko uani, na mama yetu, ambaye magoti yanamsumbua, hawezi tena kupanda na kushuka ngazi. Tunataka kulihamishia jiko ghorofa ya kwanza, tuubomoe ukuta unaogawa vyumba viwili vyembamba, tupige lipu ya saruji palipobambuka, tutandike vigae, kisha tuweke tangi la maji la lita 1,000 juu yake. Fundi ameshatupa bei. Tuanzie wapi? (Msomaji, Mkunazini, Unguja)

JIBU: Waalaikumu salaam. Anzieni kwa kumzuia fundi asiuguse ukuta huo. Wembamba wa vyumba vya Mji Mkongwe haukutokana na ubahili wa waashi wa zamani, bali ulitokana na boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida hazivuki nafasi inayozidi mita tatu hivi bila ya kupinda. Kwa hivyo ukuta ulio baina ya vyumba viwili vya namna hiyo mara nyingi umebeba ncha za boriti kutoka pande zote mbili, na ukiuondoa, sakafu ya juu inakosa pa kulala. Kinachoweza kufanyika, kwa ushauri wa mhandisi anayezijua nyumba za mawe, ni kutoboa nafasi ya mlango yenye linta (boriti ya kubeba ukuta juu ya mlango) madhubuti. Kwa maoni yangu, viacheni vyumba viwili kama vilivyo, kimoja kiwe cha kupikia na kingine cha kuwekea vyombo na chakula, kwani mpishi hahitaji ukumbi.

Jambo la pili, na ndilo zito kuliko yote, ni maji. Jiko la uani lilipomwaga maji, yalikwenda ardhini. Jiko la ghorofani likivuja, maji yanaingia sakafuni na kuzifikia ncha za boriti zilizozama ukutani, mahali ambapo kuoza hakuonekani mpaka sakafu imeanza kushuka. Kabla ya kuchagua kabati, fundi afunue sehemu ndogo ya dari iliyo chini ya chumba hicho na azidunge ncha hizo kwa msumari: mti mzima utaukataa, ulioliwa na mchwa au uliooza utaupokea. Sinki liwekwe kwenye ukuta unaopakana na ua, ili bomba la maji machafu litoke nje moja kwa moja na literemke likionekana kwa macho, lisizikwe ukutani. Ama tangi, maji yake peke yake yana uzito wa tani moja. Liwekeni chini uani, juu ya msingi wake, na mtumie pampu ndogo. Kwa sababu hiyo hiyo ya uzito, msikubali kumwagiwa zege nene juu ya boriti kuukuu kwa ajili ya vigae.

Kuhusu lipu, saruji haifai hapo. Ukuta wa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, wenye unene wa nusu mita au zaidi, hufyonza unyevu na kuutoa. Ukiufunika kwa saruji, unyevu na chumvi hunaswa ndani, na baada ya muda lipu hufura na kubanduka pamoja na uso wa ukuta wenyewe. Tumieni chokaa iliyolowekwa vizuri, ipigwe kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka ipewe muda wa kukauka polepole. Vigae viishie nyuma ya sinki na jiko tu. Kazi hii ni bora ianze baada ya masika, yaani kuanzia mwezi wa Juni.

Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hivyo michoro ya mabadiliko haya ipelekwe kwanza Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kuombewa kibali. Na kwa kuwa nyumba ni ya urithi, warithi wote waridhie kwa maandishi kabla ya fedha kutoka; ikiwa ni ya wakfu, Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana nayo iulizwe.

SWALI: Tunaacha seredani (jiko la makaa) na kuhamia gesi katika jiko letu la zamani. Je, mtungi unaweza kufichwa ndani ya kabati chini ya sinki? (Msomaji, Wete, Pemba)

JIBU: Hapana. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama sakafuni na hujaa haraka ndani ya kabati lililofungwa. Mtungi ukae nje ya ukuta, kivulini, ukiwa wima na mbali na mtaro au shimo lolote, na mpira upite kwenye tundu lililotiwa bomba la kuukinga. Ikiwa hakuna budi ukae ndani, toboeni matundu ya hewa usawa wa sakafu, kwa sababu dirisha la juu halitoshi kuiondoa gesi iliyotuama chini. Seredani nayo isiwashwe katika chumba hicho hicho. Ibaki uani kwa sufuria kubwa za siku ya Idi.