Kabla hujataja bei ya duka, mjue anayeuliza

Tangu niuze duka langu la zana za uvuvi pale Kirumba, Mwanza, jirani na soko la samaki la Mwaloni, watu wananiuliza bei niliipangaje. Bei haikunisumbua sana. Kazi ilikuwa kumjua anayeuliza, maana wote wanasema wanataka duka, kumbe kila mmoja ana chake.

Yupo anayetaka fremu tu, yaani chumba chenyewe cha duka. Huyu haulizi mauzo, anauliza kodi imelipwa hadi lini na mwenye nyumba anapandisha kila baada ya muda gani. Nyavu zako hazimhusu, kesho anaweka vipodozi. Hana ubaya, ila atakulipa kilemba, yaani fedha ya kumwachia chumba, na mzigo utabaki nao. Mpeleke kwa mwenye nyumba kabla hujapokea hata shilingi.

Mstaafu mwenye kiinua mgongo chake anapenda makaratasi, na ana haki. Mwambie mapema kwamba TIN (namba ya mlipakodi) na leseni ni vyako, naye atatafuta vyake. Kama jina la duka limesajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, mabadiliko ya umiliki yapelekwe huko. Halafu mwonyeshe mauzo ya mwezi mzima. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza; mbalamwezi ikishika, mitumbwi inapumzika na dukani unafukuza nzi. Akija siku za giza akakuta wavuvi wamejaa kaunta, ataamini ndivyo ilivyo siku zote, na wiki mbili baadaye utaitwa kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mwenye kulijua ziwa, awe tajiri wa mitumbwi au muuzaji mwenzako, huwezi kumdanganya hata ukitaka. Anaanza kufungua marobota. Anatafuta timba, zile nyavu za nailoni ya uzi mmoja, na nyavu za macho madogo, kwa sababu tangu Operesheni Sangara, msako wa uvuvi haramu wa 2018, hakuna asiyejua nyavu haramu zinaishia kwenye moto. Akiridhika, anaomba daftari la mali kauli, yaani la waliochukua mzigo kwa mkopo. Hapo kuwa macho! Wapo wanaojifanya wanunuzi, wanakunywa soda yako wiki nzima, kisha wanaondoka na majina ya wavuvi wanaokopa na kulipa, pamoja na bei unayochukulia mzigo. Mimi nilionyesha jumla ya madeni, safu ya majina nimeifunika kwa karatasi. Majina ni baada ya malipo ya awali kuingia benki, na muandikishane madeni ya zamani yatadaiwa na nani.

Wengi wanamsahau kijana wao wa dukani. Wateja wanamjua kuliko wanavyokujua wewe, na mkopaji sugu anamtambua akiwa bado ng'ambo ya barabara. Tatizo lake ni moja tu, hana fedha. Mimi nilimuuzia wangu, kwa bei ya chini kidogo kuliko aliyotaja mstaafu. Alitoa alichokuwa nacho, kilichobaki tukakiandika mbele ya wakili kwa awamu. Malipo hatukuyaweka kila tarehe mosi, kwani mbalamwezi ingemkuta mikono mitupu; analipa kila giza linapoisha. Mkataba wa fremu, kwa makubaliano na mwenye nyumba, unabaki kwa jina langu hadi awamu ya mwisho.