Transmita za PROFIBUS PA zinapotea mvua ikinyesha: msing'oe waya, pimeni kwanza

Mkuu nimelisoma swali lako mara mbili ili nisikujibu juu juu. Kwa wanaoingia sasa hivi, jamaa ana transmita nane za presha, levo na joto kwenye shina moja la PROFIBUS PA (network ambayo vifaa vingi vinachangia waya mmoja mkuu, ndo shina, kila kimoja na tawi lake), mvua ikinyesha zinapotea kwenye skrini za kontroo rumu, siku nyingine zote nane kwa mpigo, siku nyingine moja tu, na meneja wake kashachoka anataka shatidauni ijayo PA yote ing'olewe warudi kwenye 4-20 (ule mfumo wa zamani, kila transmita na waya wake, kipimo kinatumwa kama mkondo wa miliampea 4 mpaka 20).

Mimi nasema msing'oe. Nimefanya kazi za instrumentesheni viwanda vya saruji na vya vinywaji huku ukanda wa pwani, na hizi network za vifaa vya uzalishaji zikianza kusumbua mara nyingi mno shida haipo kwenye protokali wala kwenye programu, ipo kwenye shaba, maji na ethi. Alafu mkirudi 4-20 bila kuyatibu hayo maji yatawafuata huko huko. Kwenye lupu ya 4-20 unyevu ukiunganisha nyaya mbili unaongeza mkondo kidogo pembeni ya transmita, kwa hiyo opareta anaona presha imepanda kumbe haijapanda, na hakuna alamu yoyote maana miliampea 13 ni namba halali kabisa. PA angalau inakwambia kifaa kimepotea, nenda kaangalie.

Ili ujue pa kupima inabidi uelewe hiyo kitu inafanyaje kazi. PA inapitisha umeme wa kuendesha transmita pamoja na data kwenye nyaya mbili hizo hizo. Kila kifaa kinavuta mkondo wake wa kudumu, tuseme miliampea 10 mpaka 20 na kitu, kikipewa zamu ya kuongea kinaupandisha na kuushusha ule mkondo kwa miliampea 9 kila upande, kasi ni kilobiti 31.25 kwa sekunde na haibadiliki. Sasa kila mwisho wa shina lazima pawe na tamineta, yani rezista ya omu 100 imeunganishwa mfululizo na kapasita ya maikrofaradi 1. Tamineta mbili zikiwa sambamba data inaona omu 50, zidisha na miliampea 18 unapata kama volti 0.9, hiyo ndo sauti ya kawaida ya network yako. Ukitoa moja inabaki omu 100, sauti inakuwa kubwa kupita kiasi na inarudi nyuma kama mwangwi kwenye ukumbi mtupu, vifaa vinasikia neno jipya juu ya neno la zamani. Ukiweka tatu unashuka omu 33, sauti inakuwa volti 0.6, na hapo ndo pabaya kuliko mnavyodhani, kwa sababu jua likiwaka inafanya kazi vizuri tu! Ikija mvua kidogo, sauti ambayo tayari ni ndogo inazama kwenye kelele na kila kitu kinapotea.

Hiyo ya tamineta tatu nimeikuta kwa macho yangu. Kiwanda kilirefusha shina ili kiongeze tenki mpya, mkandarasi akaweka tamineta kwenye janksheni boksi jipya la mwisho ila lile boksi la zamani lililokuwa la mwisho swichi yake ya tamineta ikaachwa ON, na drowing haikubadilishwa. Watu walibadilisha kapla (kile kifaa kinacholipa shina umeme na kuliunganisha na network ya juu), wakabadilisha kadi, wakamlaumu aliyeandika programu ya PLC (kompyuta inayoendesha mitambo), kumbe ni swichi ndogo ndani ya boksi ambalo hakuna aliyekuwa na sababu ya kulifungua.

Kwa hiyo anza hapo, na hauhitaji kifaa cha bei mbaya, multimita yenye kupima kapasita inatosha. Omba kibali, weka lupu zote kwenye manyuo (opareta aendeshe kwa mkono), zima umeme wa segimenti, chomoa shina kwenye kapla na uchomoe matawi yote kwenye majanksheni boksi. Pima kapasita kati ya nyaya mbili za shina. Kapla nyingi zina tamineta yake ndani, kwa hiyo kwenye waya inatakiwa ibaki moja tu ya kule mwisho, unategemea usome kama maikrofaradi 1. Ukisoma karibu na 2 kuna tamineta ya ziada imejificha mahali, ukisoma karibu na sifuri hakuna tamineta au waya umekatika. Kabla hujaondoka hapo pima omu kati ya kila waya na skrini ya kebo, yani ule wavu wa nje, inatakiwa iwe megaomu nyingi. Ukikuta kiloomu, maji hayo mkuu, au kuna uzi mmoja wa skrini umegusa terminali. Na tafadhali sana msipige mega (kipimo cha insulesheni) ya volti 500 kwenye waya ambao bado una transmita au tamineta, mtaua vifaa vizima mkitafuta kibovu.

Hii ya waya kugusana na skrini watu wanaidharau kwa sababu haikati network papo hapo. PA inaishi kwa sababu nyaya zake mbili zinaelea, kelele ikija inaingia zote mbili sawasawa na mpokeaji anaifuta. Waya mmoja ukishavuja kwenda ethi ile hali ya usawa imekufa, sasa kila inveta (kifaa cha kubadili kasi ya mota) inayowaka karibu inamwaga kelele yake moja kwa moja kwenye data. Ndo maana unakuta fundi wa umeme anakwambia "zinapotea tukiwasha feni kubwa" na wa instrumentesheni anakwambia "zinapotea mvua ikinyesha" na wote wawili wako sahihi.

Sasa hilo la zote nane dhidi ya moja. Zikipotea zote, shida iko kwenye vitu vinavyochangiwa: shina, tamineta, kapla, umeme wake, au upande wa DP huko juu (PROFIBUS ya kasi inayounganisha PLC na kapla). Ikipotea moja shuka kwenye tawi lake na glandi yake (ile ya kubana kebo inapoingia kwenye kifaa au boksi). Ila angalia aina ya janksheni boksi mlizonazo, kama ni za terminali za kawaida zisizo na kinga ya shoti basi tawi moja likipigwa shoti na maji linashusha shina zima, kwa hiyo "zote nane" kwako inaweza ikawa glandi moja mbovu tu. Boksi zenye kinga zinabana mkondo wa tawi lililoharibika na saba zinazobaki zinaendelea na kazi. Kama bajeti ipo, pesa ya kung'oa waya ipelekeni huko.

Voteji wala sidhani ni tatizo lenu lakini piga hesabu uwe na amani. Kebo ya aina A, ile ya kawaida ya PA, ina kama omu 44 kwa kilomita kwenda na kurudi. Vifaa nane kwa miliampea 15 ni miliampea 120, kwa mita 500 ni omu 22, unapoteza volti 2.6 hata kama tukichukulia vyote viko mwisho kabisa. Transmita inataka volti 9 na kuendelea. Kwa hiyo ukienda boksi la mwisho umeme ukiwa umewashwa ukakuta 12 wakati kapla inatoa 24, kuna kinachokunywa mkondo na sio transmita.

Upande wa DP usisahau. Ule ni RS-485, kebo ya zambarau, na tamineta yake inahitaji volti 5 kutoka kwenye kifaa chenyewe ilipochomekwa. Kifaa cha mwisho kwenye laini kikizimwa umeme, tamineta inakufa nacho hata kama swichi ya konekta iko ON. Kama kifaa chenu cha mwisho ni inveta iliyoko nje na brekaa yake inatripu mvua ikinyesha, mnaweza kuzunguka kwenye PA mwaka mzima mnatafuta kosa ambalo haliko huko.

Kuna kitu kingine hukuuliza ila kimeniuma sana nilipokutana nacho. Transmita ya PA haitumi namba tupu, inatuma baiti 4 za thamani na baiti 1 ya hali. Hiyo baiti ya hali ikiwa 128 kwenda juu thamani ni nzuri, kuanzia 64 mpaka 127 ina mashaka, chini ya 64 ni mbaya. Waandika programu wengi wanachukua zile 4 wanaitupa ya 5. Matokeo yake sensa inaharibika, transmita inalalamika vizuri kabisa kwa lugha yake, alafu PLC inaendelea kufungua valvu kwa thamani ya mwisho iliyokuwepo. Kama kuna kazi moja ya programu ya kufanya shatidauni hii basi ni hiyo, isomeni baiti ya tano na muiamulie lupu ifanye nini ikiwa mbaya.

Kuhusu meneja wako, simlaumu, anahesabu masaa ya uzalishaji yaliyopotea. Na kuna sehemu 4-20 ni jibu sahihi: lupu za usalama mimi naziacha kwenye waya wake binafsi, na kiwanda chenye transmita chache karibu na paneli hakina sababu ya PA, weka 4-20 yenye HART (data inayopandishwa juu ya mkondo ule ule) inatosha, ilimradi ujue HART inaenda biti 1200 kwa sekunde, inafaa kusoma afya ya kifaa na kubadilisha renji, sio kuendesha lupu ya haraka. Lakini nyie shina lipo tayari. Kurudi nyuma ni kuvuta jozi nane mpya, kununua kadi za analogi, kubadilisha transmita zote nane maana ya PA haitoi miliampea 4 mpaka 20, na kupoteza taarifa zote za afya.

Na la mwisho mwambie hili. Hiyo kebo ya aina A iliyoko kwenye trei zenu ndiyo hiyo hiyo inayokubalika kwenye Ethernet-APL, ile Ethernet ya nyaya mbili iliyozinduliwa 2021, megabiti 10 kwa sekunde, shina mpaka mita 1000 na tawi mpaka mita 200. Kwa hiyo kebo ikiwa nzima na urefu unaruhusu, siku mkitaka kuhama mtabadilisha vya kwenye ncha mbili na waya unabaki. Kuing'oa leo kwa sababu ya glandi iliyolegea inaumiza roho.

Ukishapima weka hapa kapasita ya shina, omu za kila waya kwenda kwenye skrini, na volti ya boksi la mwisho kiangazi na mvua ikiwa inanyesha. Na picha ya ndani ya hilo boksi la mwisho kabla hujalikausha.