Nimeambiwa nipunguze vitamini A: nyama gani nile?

SWALI

Asalaam aleikum dada mtaalamu wa lishe. Mimi ni mchoma mishikaki hapa Lamu, umri wangu miaka 41. Kwa miaka mitatu hivi nimekuwa nikila ini kila jioni pale jikoni kwangu, kwa kuwa niliambiwa damu yangu ni chache. Asubuhi nilikuwa nikinywa kijiko cha mafuta ya ini la samaki na kumeza kidonge cha vitamini mchanganyiko. Mwaka huu midomo imepasuka haiponi, nywele zinabaki kwenye kitana, kichwa kinauma, na usiku mifupa ya miguu hainiachi nilale. Daktari alinipima damu akasema vitamini A imezidi mwilini, niache hivyo vidonge na mafuta, na nile chakula chenye vitamini A kidogo. Sikumuuliza nyama gani. Mtandaoni nimesoma niache nyama nyekundu zote, na wengine wanasema hata maembe na karoti ni sumu. Sasa: ng'ombe, mbuzi, kuku na samaki, afadhali ipi? Figo, moyo, firigisi, bandama? Ini nikiliroweka kwenye ndimu usiku kucha, vitamini haitoki? Ini lenyewe nimeliacha miezi miwili sasa, naonja tu wakati wa kuchoma, lakini midomo iko vile vile.

Mchoma mishikaki, Langoni, Lamu

JIBU

Wa aleikum salaam, kaka yangu. Pole kwa maumivu, na hongera kwa kwenda kupima badala ya kuendelea kupaka mafuta midomoni.

Nyama usiiache. Umeuliza ng'ombe au mbuzi, lakini kwa vitamini A mnyama si hoja kubwa. Hoja ni kiungo. Ng'ombe anakula majani yenye karotini (ile rangi ya manjano ya mimea), mwili wake unaigeuza kuwa retinoli, yaani vitamini A iliyo tayari kutumika, kisha unaiweka akiba. Ghala la akiba hiyo ni ini. Paja, bega, mbavu na shingo hazina ghala. Ndiyo maana gramu 100 za nyama ya mnofu ya ng'ombe au mbuzi huwa na maikrogramu sifuri au chache mno za kuhesabika kwa vidole, na gramu 100 za ini la ng'ombe lililopikwa zina kati ya 7,500 na 9,500 hivi. La kondoo haliko mbali na hapo. La kuku ni karibu nusu yake, nalo bado ni nyingi.

Tulete hesabu hiyo kwenye jiko lako. Mshikaki wa ini wenye vipande vinne, kila kimoja gramu 15 baada ya kuiva, ni gramu 60. Hapo pana maikrogramu 4,500 au zaidi. Mwanamume mzima anahitaji 900 kwa siku, mwanamke asiye na mimba 700, na kikomo cha juu cha retinoli kwa mtu mzima ni 3,000. Mshikaki mmoja umeshavuka kikomo kabla hujagusa mkate. Anayeula mara moja kwa wiki mbili tatu hadhuriki, maana mwili unaweka akiba na kuitumia polepole. Wewe ulikuwa ukijaza ghala kila jioni, tena asubuhi unaongeza. Kijiko cha chai cha mafuta ya ini la chewa wa bahari ya kaskazini kina kama 1,350. Kile kidonge sijakiona, lakini ukitazama kopo utakuta kipimo kimeandikwa kwa IU, yaani vipimo vya kimataifa vya vitamini. IU 10,000 ni sawa na maikrogramu 3,000. Mengine piga hesabu mwenyewe.

Wazee wetu waliyajua maini haya kwa njia nyingine. Mimi nimekulia Matondoni, na harufu ninayoikumbuka zaidi ni ya sifa, yale mafuta ya ini la papa wanayopaka mbao za jahazi likipandishwa pwani. Inanuka, inakaa nguoni siku tatu. Baadaye chuoni ndipo nikajifunza kwamba maini ya papa yalikuwa biashara kubwa huko Marekani miaka ya 1930 na 1940, kwa ajili ya vitamini A, mpaka ilipoanza kutengenezwa viwandani mwaka 1947 hivi. Yaani chombo kilikuwa kinapakwa dawa ya macho! Nyama ya papa mwenyewe, hata ng'onda, haina shida hiyo. Ni lile ini.

Na ugonjwa wako si mgeni nchini. Mwaka 1973 Kamoya Kimeu aligundua Koobi Fora, mashariki mwa ziwa Turkana, mifupa ya mtu wa kale wa kike aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mifupa yake ilikuwa imeota tabaka lisilo la kawaida, na mwaka 1982 wataalamu wakapendekeza kwamba huenda alikula maini mengi ya wanyama wala nyama. Wengine wamebisha wakataja maradhi mengine, na ubishi haujakwisha. Lakini maumivu yako ya mifupa usiku hayakunishangaza.

Sasa viungo vya ndani, maana hapa ndipo watu wanapochanganya. Moyo, ulimi na matumbo (nasema utumbo uliosafishwa, bila kipande cha ini kilichosahaulika ndani ya sufuria) vina vitamini A kidogo sana au hamna. Firigisi vilevile, ila angalia unavyonunua: wauzaji wengi huzifunga pamoja na maini ya kuku kwenye mfuko mmoja. Mapafu ni kidogo. Figo iko katikati: ya ng'ombe ina mamia kadhaa kwa gramu 100, ya kondoo ni pungufu. Si maelfu kama ini, lakini kwa hali yako ningeiweka kando mpaka damu ipimwe tena. Kichwa na miguu ya mbuzi, supu ya mifupa, kunywa kwa nafasi.

Bandama ndiyo ningependa uifikirie. Ulianza ini kwa ajili ya damu, na sababu hiyo ilikuwa na maana kwa kuwa ini lina madini ya chuma. Ila bandama ya ng'ombe ina chuma mara kadhaa kuliko ini lake, na vitamini A haina. Watu wengi huku huitupia paka. Ichome vizuri, kata vipande vyembamba, usile kila siku, na ukiwa na jongo iache kabisa maana itakuzidishia. Kabla ya hayo yote, muulize daktari kiwango cha hemoglobini chako ni ngapi leo. Kuambiwa "damu yako chache" miaka mitatu iliyopita si kipimo.

Mafuta ya nyama nayo watu huyaogopa. Utakuwa umeona nyama ya ng'ombe wanaoletwa kutoka Witu na ng'ambo ya Mokowe, hasa mvua ikishanyesha na malisho kuwa mabichi: mafuta yake ni ya manjano. Hiyo ni karotini ya majani ambayo ng'ombe hakuigeuza yote. Mbuzi na kondoo huigeuza karibu yote, ndiyo maana mafuta yao ni meupe pe. Hiyo manjano haina madhara kwako, na nitaeleza kwa nini nikifika kwenye maembe. Kipande cha mafuta unachochomeka katikati ya minofu kiache palepale, mshikaki bila mafuta ni kuni.

Kuku: kifua hakina kitu cha kutisha, paja na ngozi vina kidogo zaidi, makumi tu. Watu hudhani kuku wa kienyeji mwenye ngozi ya manjano au yai lenye kiini cha rangi ya chungwa ndilo lenye vitamini A nyingi. Rangi ile kwa sehemu kubwa ni ya vitu vingine vya mimea visivyogeuka kuwa vitamini A. Yai moja lina kama 75 au 80, zote ziko kwenye kiini, liwe la kienyeji au la kizungu. Moja kwa siku si tatizo.

Samaki wa minofu meupe kama changu na tewa kula. Nguru na jodari, kwa kuwa wana mafuta, huwa na zaidi kidogo kutegemea aina, lakini bado huwezi kuwafananisha na ini. Pweza, ngisi na kamba pia hawana neno. Tahadhari ni mbili. Ya kwanza ni ini na mayai ya samaki yeyote. Ya pili ni dagaa wanaoliwa wazima, kwa sababu unapokula samaki mdogo na kichwa chake unakula macho na matumbo, na humo ndimo vitamini A ya samaki wadogo ilimo kwa wingi. Ni chakula kizuri mno kwa watoto. Kwako, ng'oa vichwa na utoe tumbo.

Kuroweka kwa ndimu, hapana. Vitamini A inakaa kwenye mafuta, na ndimu ni maji na asidi. Utapata ini chachu lenye vitamini ileile. Maziwa hayatoi, siki haitoi, papai bichi linalainisha tu, na moto wa makaa unapunguza kidogo ambacho hakibadilishi hesabu. Na akitokea wa kukuambia usitumie kisu kilichokata ini, mwambie hii si najisi. Alama ya ini kwenye kisu haidhuru mtu.

Ambalo wagonjwa wangu wengi hawalioni ni kile wanachopikia nyama. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka mafuta ya kupikia ya viwandani, unga wa mahindi wa pakiti na unga wa ngano viongezwe virutubisho, na vitamini A ni kimojawapo. Siagi ya kopo huongezwa pia. Samli haiongezwi, inayo yenyewe: kijiko kikubwa kimoja ni kama 100, na pilau ya Lamu haikomei kijiko kimoja. Hivi havikukuletea ugonjwa na sitaki uviogope, lakini kwa miezi hii unayotaka kumaliza akiba, nafuu iko jikoni kwako tangu zamani. Tui la nazi halina vitamini A. Mafuta ya nazi yaliyokamuliwa nyumbani hayana. Samaki wa kupaka ni chakula chako, na sima ya mahindi ya kusagisha kinuni pia.

Maembe na karoti, kaka, si sumu. Zina beta-karotini, jamii ya ile karotini ya majani, si retinoli. Mwili hugeuza kiasi unachokitaka na kuacha kingine. Zinahitajika maikrogramu 12 za beta-karotini ya chakula kupata moja ya vitamini A. Ukila karoti kupita kiasi viganja hugeuka manjano, basi. Hao wa mtandaoni wanaosema vitamini A yenyewe ni sumu na mtu aikomeshe kabisa siwaungi mkono hata kidogo. Ukosefu wake unapofusha watoto. Kwa hiyo chakula hiki ni chako peke yako. Watoto wako walio chini ya miaka mitano waendelee kupata matone yao ya vitamini A kliniki kila miezi sita. Mkeo akiwa mjamzito, ini la kila siku asile, lakini mengine afuate ya kliniki na si ya sahani yako.

Kichwa kikizidi, ukaanza kuona ukungu au vitu viwili viwili, usingoje miadi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Vitamini A ikizidi huweza kupandisha shinikizo ndani ya fuvu. Ukiandikiwa dawa ya chunusi au doksisaiklini kwa ugonjwa wowote, mwambie anayekuandikia kuhusu kipimo chako, kwa sababu baadhi ya dawa za chunusi, na doksisaiklini yenyewe, hazipatani na hali hiyo.

Suala la kuonja nimeliweka mwisho makusudi, kwa sababu nadhani ndiko tatizo lilikobaki. Akiba ya ini lako inachukua wiki hadi miezi kupungua, hivyo midomo kutopona kwa miezi miwili kungeweza kuwa jambo la kawaida. Lakini umeandika "naonja tu". Ukionja kipande cha gramu 10 kila unapotia mishikaki jikoni, na kwa jioni moja ukatia mara nane, umekula gramu 80. Hizo ni maikrogramu zisizopungua 6,000, kuliko ule mshikaki ulioacha. Kuanzia leo ini lionjwe na kijana anayekupepelea makaa, tena akipokezana na mwenzake, au likate kati kwa kisu: likiwa halina wekundu na maji yake yakitoka meupe, limeiva. Chumvi unaweza kuionja kwenye kipande cha mnofu.