Maswali ya Wasomaji: Helikopta ya Betri Kabla Haijaruka

Barua nne tunazozijibu safari hii zinahusu helikopta ndogo za umeme zinazoongozwa kwa rimoti. Tumeziweka pamoja kwa sababu waandishi wake wanasumbuliwa na jambo moja: anayeanza huamini kwamba mikono yake ndiyo mizito, ilhali mara nyingi chombo chenyewe hakikuwa tayari kuondoka ardhini. Ndege ya mabawa iliyorekebishwa vibaya kidogo huweza kuruka hivyo hivyo, lakini helikopta haina subira hiyo.

Swali: Kaka yangu anayefanya kazi Maskati ameniletea helikopta ya ukubwa wa 450 iliyokwisha kutumika. Ina betri ya seli tatu ya miliampea-saa 2200, sevo tatu za kichwa, sevo moja ya mkia, na kisanduku kidogo cha jairo. Haikuja na kitabu cha maelekezo. Sijawahi kurusha chombo chochote. Nianzie wapi? — *Msomaji wa Morogoro*

Jibu: Ndugu msomaji, anza kwa kuyafungua mapanga yote, ya juu na ya mkiani, uyaweke kando mpaka tutakapokuambia uyarudishe. Kisha chomoa waya mbili kati ya tatu zinazokwenda kwenye mota, ili umeme ufike kwenye risiva, inayopokea amri za rimoti, na kwenye sevo, zile mota ndogo zinazosukuma fito za kichwa na mkia, bila mota kuu kuzunguka. Hatusemi haya kwa kukutisha. Mapanga ya helikopta ya ukubwa huo huwa na urefu wa milimita 325 hivi, na rota nzima ina kipenyo cha sentimita 70. Ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, ncha za mapanga zinakwenda kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Kitu cha namna hiyo hakifai kuwashwa juu ya meza ya sebuleni, hata kwa sekunde moja ya kujaribu.

Kwa kuwa ilikwisha kutumika, ichukulie kwamba hujui lolote lililoipata. Kagua mhimili mkuu kwa kuuzungusha polepole mkononi huku ukitazama ncha yake: ukiyumba, umepinda, nao hubadilishwa badala ya kunyooshwa. Tazama meno ya gia kuu moja baada ya jingine. Ili kupata nafasi sahihi kati ya gia hiyo na gia ndogo ya mota, pitisha ukanda wa karatasi nyembamba katikati yao, sukuma mota iikaribie gia kuu, kaza skrubu, kisha zungusha karatasi itoke. Ikitoka imekunjamana bila kuchanika, nafasi inafaa. Kila skrubu ya chuma inayoingia kwenye chuma ifunguliwe, isafishwe mafuta, ipakwe tone la gundi ya skrubu ya rangi ya buluu, kisha irudishwe, kwa maana mtetemo wa chombo hiki hulegeza kila kisichoshikwa. Zile zinazoingia kwenye plastiki usizipake, kwani gundi hiyo inaweza kuipasua plastiki.

Sasa washa rimoti, halafu unganisha betri ya helikopta. Mpangilio huo usiugeuze kamwe: rimoti huwashwa kwanza na huzimwa mwisho, ili helikopta isibaki na umeme bila mtu wa kuiamuru. Weka kijiti cha kupandisha katikati kabisa, na uingie kwenye sehemu ya marekebisho ya jairo, kile kisanduku kinachohisi chombo kikiinama au kuzunguka na kukisahihisha. Mikono ya sevo zote tatu za kichwa inapaswa kufanya pembe mraba na fito zake. Mkono ukipungukiwa kidogo, uchomoe na kuuhamisha jino moja kwenye sevo kwanza, ndipo umalizie kwa trimu ya ndani, yaani marekebisho madogo ya kielektroniki. Kisha tazama swoshipleti, ile sahani iliyovaa mhimili mkuu chini ya kichwa cha rota, ambayo hupokea amri za sevo na kuzifikisha kwenye mapanga. Sahani hiyo iwe mraba kwa mhimili pande zote. Isipokuwa hivyo, rekebisha urefu wa fito, wala usiifiche kasoro kwa trimu za rimoti, maana kila trimu kubwa unayoweka leo itakudai utakapobadilisha betri au sevo.

Baada ya hapo, rudisha mapanga makubwa peke yake, waya za mota zikiwa bado zimechomolewa, upime pembe yake, yaani jinsi yanavyoinama kukata hewa, kwa kipimo cha pembe, kile kifaa cha plastiki kinachobana panga na ambacho bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na faida yake. Kijiti kikiwa katikati, panga liwe kwenye nyuzi 0. Kwa mafunzo inatosha chini kabisa kuwe nyuzi 2 hasi, na juu kabisa nyuzi 9 au 10 chanya. Kusimama hewani kutatokea karibu na nyuzi 5. Ukiacha nyuzi nyingi hasi kama wanavyofanya warushaji wa michezo ya kupindua chombo, siku utakayoshtuka na kushusha kijiti ghafla helikopta itajipigiza ardhini kwa nguvu ya mota.

Linalofuata ni jaribio ambalo, kwa maoni yetu, ndilo muhimu kuliko yote, nalo hurukwa na wengi kwa sababu ya haraka. Sukuma kijiti mbele: sahani iiname mbele. Kulia: iiname kulia. Pandisha: pembe za mapanga yote mawili ziongezeke sawasawa. Hizo ni amri zako. Sasa acha vijiti, toka kwenye sehemu ya marekebisho, ushike helikopta mkononi na uiinamishe mbele kwa ghafla. Jairo inapaswa kuinamisha sahani nyuma, kana kwamba inakukatalia. Ilaze kulia, nayo sahani iende kushoto. Ikiwa sahani inafuata upande ulikoinamisha, jairo imegeuzwa, na helikopta hiyo itapinduka mara tu itakapoacha ardhi, wala hakuna mrushaji, awe hodari kiasi gani, atakayeiwahi.

Malizia kwa mizani. Shika kichwa cha rota, acha mwili uning'inie ukiwa na betri mahali pake, kisha isogeze betri mbele au nyuma mpaka helikopta ikae mlalo. Mapanga makubwa yakazwe kiasi kwamba ukiilaza helikopta ubavu hayaanguki kwa uzito wake, lakini ukiitikisa yanasogea. Funga chini ya miguu yake fito mbili ndefu zilizopishana, zenye vipira nchani. Zitaiokoa mara nyingi isianguke ubavu.

Uwanjani, rudisha mapanga ya mkia na waya za mota, hakikisha swichi ya kufunga mota inafanya kazi, na usimame hatua kumi nyuma ya mkia, pasipo na mtu wala mnyama mbele yako. Chagua asubuhi mapema kabla upepo haujaamka. Bandika utepe wa rangi kwenye ncha ya panga moja, pandisha kasi mpaka helikopta iwe nyepesi, na mwenzako aliye mbali pembeni atazame usawa wa rota: akiona ncha mbili juu na chini badala ya mstari mmoja, zima, fupisha ufito wa panga la juu kwa mzunguko mmoja wa kifungo chake, ujaribu tena. Siku za kwanza iache iteleze ardhini kwa fito zake, huku ukijifunza kuisimamisha. Ikishakutii hapo, ipandishe moja kwa moja hadi mita moja na nusu. Wanaoanza hupenda kubaki sentimita ishirini au thelathini juu ya ardhi wakidhani ni salama zaidi, kumbe chini ya kipenyo cha rota hewa inayosukumwa hugonga ardhi na kurudi kwa fujo, na chombo huyumba bila kosa la mrushaji. Macho yako yakae kwenye pua, si kwenye mkia.

Swali: Helikopta yangu ilipoacha ardhi tu ilizunguka kama pia na kuvunjika mkia. Nimeshatengeneza, lakini sasa mkia unatikisika upesi upesi kulia na kushoto. Fundi wa simu aliniambia jairo imekufa. Ni kweli? — *Msomaji wa Mombasa*

Jibu: Si lazima, na tungekushauri usinunue nyingine kwanza. Rota kubwa inapozungushwa upande mmoja, mwili wa helikopta husukumwa upande wa pili. Rota ya mkia ipo kuuzuia, na jairo ndiyo inayoamua izuie kwa kiasi gani. Jairo iliyogeuzwa upande huongeza mzunguko badala ya kuupunguza, na hilo laelekea ndilo lililokupata mara ya kwanza. Ipime hivi, mota ikiwa imechomolewa: vuta kijiti cha mkia kulia, uangalie kile kipande kinachoteleza kwenye mhimili wa mkia kimekwenda upande gani. Kisha acha kijiti, na uzungushe pua ya helikopta kushoto kwa mkono. Kipande kile kinapaswa kuelekea upande ule ule kilipokwenda ulipovuta kulia. Kikienda kinyume, geuza mwelekeo wa jairo ndani ya marekebisho yake, si mwelekeo wa kijiti kwenye rimoti, maana kijiti kinaweza kuwa sahihi huku jairo ikiwa kinyume.

Kutikisika upesi unakokueleza ni dalili ya kawaida ya jairo iliyowekewa ukali mno: inasahihisha kupita kiasi, kisha inasahihisha kosa lake yenyewe. Punguza ukali kidogo kidogo mpaka mtikisiko uishe. Ukipunguza mno, mkia utaanza kuteleza taratibu na kuchelewa kusimama, nawe utajua umepita mpaka. Lakini kabla ya kugusa ukali huo, chomoa kifungo cha ufito wa mkia kwenye sevo na uusukume kwa kidole. Ukigoma mahali popote, au ukicheza kabla ya kusogeza mapanga, jairo haitaweza kuushinda mwendo mbaya kwa marekebisho yoyote. Ikiwa mkia wako unaendeshwa kwa mkanda, ubonyeze pia mkanda huo, kwani baada ya kuvunjika na kuungwa upya huenda umelegea.

Swali: Mwanangu wa miaka kumi na miwili anataka helikopta. Dukani nimeona yenye rota mbili, moja juu ya nyingine. Je, ni nzuri kwa kujifunzia? — *Mzazi wa Arusha*

Jibu: Mzazi wetu, hiyo ni tulivu sana, kwa kuwa rota zake huzunguka kinyume na kufutana nguvu, na mtoto ataifurahia ndani ya nyumba. Hata hivyo haimfundishi mengi ya helikopta yenyewe, na upepo mdogo wa nje huichukua. Ikiwa hamu yake ni ya kweli, tungependelea ndogo ya rota moja yenye mapanga ya pembe isiyobadilika na jairo ndani, ambayo uzito wake ni mdogo kiasi cha kuanguka bila hasara kubwa. Hakikisha tu kwamba vipuri vyake, hasa mapanga, mhimili na gia, vinapatikana kabla hujalipa. Avae miwani ya kinga. Kabla ya kumpeleka uwanjani, iulize Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kuhusu kanuni za vyombo visivyo na rubani, na mkae mbali kabisa na viwanja vya ndege.

Swali: Betri zangu za lithiamu polima huvimba baada ya miezi michache. Nachaji nyumbani, umeme ukikatika naacha tu mpaka urudi. Nakosea wapi? — *Msomaji wa Tanga*

Jibu: Ndugu, betri hizi zina mipaka miwili usiyopaswa kuivuka. Kila seli hujaa kwenye volti 4.2, na ikishushwa chini ya volti 3.0 huharibika. Anayeruka mpaka helikopta ikose nguvu ameshaichosha betri. Weka kengele ya rimoti ilie baada ya dakika nne, kisha tazama chaja imerudisha kiasi gani: kwa betri ya miliampea-saa 2200 kisizidi 1760, yaani asilimia 80. Kikiwa pungufu sana, ongeza nusu dakika.

Chaji kwa chaja yenye uwezo wa kusawazisha seli, kwa ampea 2.2 kwa betri hiyo, juu ya sakafu ya saruji, mbali na pazia na godoro, nawe ukiwepo. Umeme ukikatika, chomoa betri. Usiiache usiku kucha ikisubiri umeme urudi nawe umelala. Chaja nyingi za aina hii hukubali pia umeme wa volti 12 kutoka betri ya gari au ya sola, jambo linalofaa sana katika mazingira yetu.

Tunashuku, hata hivyo, kwamba kinachozivimbisha zako ni kuhifadhiwa zikiwa zimejaa katika joto la pwani. Betri isiyotumika kwa zaidi ya siku mbili au tatu ishushwe hadi volti 3.8 kwa kila seli, ikae mahali penye ubaridi, na kamwe isiachwe ndani ya gari juani. Iliyokwisha kuvimba usiichaji tena, wala usiitoboe ili kutoa hewa. Itoe ndani ya nyumba, uiweke nje kwenye chombo chenye mchanga, mbali na watoto. Atakayekuletea mpya kwa ndege azibebe kwenye mzigo wa mkononi, vichwa vya waya vikiwa vimefunikwa kwa utepe, kwa sababu betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mizigo inayokwenda chini ya ndege.