Barua kwa mwanangu: oda ya moto huandikwaje

Mwanangu,

Umeniambia wamekupangia dawati la oda kwenye kituo cha dispachi (kinachotuma watu na vifaa) cha moto wa nyika, jimbo la Idaho, Marekani, kiangazi chote, ukaniuliza: "Mama, kuna cha kujifunza hapo zaidi ya kuchapa?" Kipo. Anayepokea oda yako huenda msiongee kabisa. Atafanya kile alichokisoma, basi. Kwa hiyo kazi yako ni kuhakikisha alichosoma ndicho kilichotakiwa.

Njia ya oda utaizoea ndani ya wiki. Walio motoni wanaomba kwenu, nanyi mnatazama mlichonacho na walichonacho majirani. Kikikosekana, ombi linapanda kituo cha kanda: kusini mwa Idaho ni Salt Lake City, kaskazini ni Missoula. Kanda ikishindwa, linakwenda kituo cha taifa, Boise. Yote hupitia IROC, mfumo wa kompyuta wa kuagizia, ulioshika nafasi ya mfumo wa zamani, ROSS, mwaka 2020. Kila ombi lina herufi na namba: A ni ndege na helikopta, C ni vikosi, E ni magari na mitambo, O ni mtu mmoja mmoja mwenye kazi maalumu, S ni vifaa. Jizoeze kukitaja kitu kwa namba yake. Ukisema "zile pampu zenu", siku ya tatu kutakuwa na pampu za oda nne na hakuna atakayejua unazungumzia zipi.

Kwenye vifaa ndiko watu huumbuka. Stoo za taifa zina katalogi, na kila kitu kina namba yake, iitwayo namba ya NFES. Mpira wa maji wa inchi moja ni 1238, wa inchi moja na nusu ni 1239; kidole kikiteleza tarakimu moja tu, umeagiza kingine. Halafu kuna kipimo. Mpira hutolewa kwa vipande vya futi 100. Mtu wa ugavi kambini akikwambia "nipe mia tano za inchi na nusu", usiandike 500 kwanza. Muulize: futi au vipande? Futi 500 ni vipande 5, pikapu inabeba na nafasi inabaki. Vipande 500 ni futi 50,000, zaidi ya kilomita 15 za mpira, na hapo unazungumzia lori. Mwezi wa Agosti watu wa stoo hawashtuki kuona namba kubwa. Watapakia tu, na moto mwingine utakuta rafu tupu.

Uliza pia kuhusu uzi wa viungo, yaani mikato ya kuzungushia inayoshikanisha mpira na mpira. Mpira wa inchi na nusu wa moto wa nyika hufungwa kwa uzi wa aina ya NH, ule wa inchi moja kwa aina ya NPSH, na baadhi ya idara za zimamoto za miji zina uzi wao tofauti. Kwa macho viungo vinafanana, ila havishikani, au vinashika mzunguko mmoja kisha vinavuja. Gari la mji likija kusaidia, ongeza adapta kwenye oda. Adapta inaingia mfukoni, lakini ikikosekana mpira wote ule ni kamba tu. Pampu nayo, uliza kama wanataka pampu tupu au seti nzima. Bila mpira wa kuvutia maji na tangi la mafuta, mmewapelekea chuma kizito mlimani.

Mahali. Marubani hutumia digrii, dakika na desimali za dakika. Wachora ramani hupenda desimali za digrii. 44° 30.5' ni sawa na 44.508. Mtu aliyechoka akiandika 44.305, helikopta itakwenda zaidi ya kilomita 22 kusini mwa inakohitajika. Soma namba kwa sauti, pamoja na neno "dakika", na mwenzako akurudishie. Kwa mizigo ya barabarani, "kambini" si anwani. Andika barabara, geti, jina na simu ya mpokeaji, na kama lori la tela lina pa kugeukia.

Saa ina mtego wetu wenyewe Waswahili. 0800 siyo saa nane, ni saa mbili asubuhi, na baada ya saa kumi na nne kwenye kiti kichwa kinaanza kukuchezea. Usitafsiri, andika tarakimu kama zilivyo. Kumbuka pia kuwa kaskazini mwa Idaho hufuata saa za Pasifiki na kusini saa za Milima, kwa hiyo taja ni saa za wapi. "Haraka" usiikubali kuwa ni saa; mwambie akupe tarakimu.

Kisha hesabu kurudi nyuma. Dereva haruhusiwi zaidi ya saa 10 za usukani katika zamu moja, na kila saa 2 za kazi au safari zinadai saa 1 ya kupumzika. Kikosi kilicho mbali mwendo wa saa 12, chenye dereva mmoja kwa kila gari, kitalala njiani hata ukikibembeleza vipi. Mwambie mwombaji leo, ajipange. Angalia pia wamekwisha kufanya siku ngapi: mgawo, yaani muda wa kikosi kutumika motoni, ni siku 14 bila kuhesabu safari, na kikosi kilicho siku ya 12 hakifai kuvushwa jimbo zima kwa siku mbili za kazi.

Kitu kisipopatikana, sema mapema na uulize mbadala. Kukaa kimya ukitumaini kitajitokeza ni kosa kubwa kuliko kusema hakipo.

Ukimaliza zamu, mwachie anayekupokea orodha ya oda zilizo wazi: namba, uliongea na nani, saa ngapi, aliahidi nini. Asilazimike kukuamsha usingizini kukuuliza S-14 imeishia wapi.

Na ubebe sweta. Vyumba vyenye kompyuta nyingi huwekwa baridi hata nje kukiwa nyuzi 38.

Mama yako